CHAN 2024 uwanjani: tiketi, kiti na geti, uzoefu wangu

Jina lisikuchanganye: CHAN 2024 ilichezwa Agosti 2025, tarehe 2 hadi 30, Tanzania, Kenya na Uganda. Ni mashindano ya timu za taifa, ila anayeruhusiwa kucheza ni yule tu aliyesajiliwa na klabu ya ligi ya nchi yake. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile niliyoikata haihusu mpira.

Mpira ulikuwepo. Kama unafuatilia ligi ya nyumbani Tanzania, hapa unawaona watu wako wakiwa na jezi ya taifa: penalti ya Abdul Sopu na bao la Mohamed Hussein dhidi ya Burkina Faso siku ya ufunguzi, bao la Kapombe dakika ya 89 dhidi ya Mauritania, na mawili ya Mzize dhidi ya Madagascar. Wanaosema CHAN ni mashindano ya wasindikizaji waulize Nigeria, waliopigwa 4-0 na Sudan pale Amaan, uwanja wa Unguja. Fainali ya Kasarani, uwanja wa Nairobi, Morocco 3, Madagascar 2, ilikuwa na mabao yenye thamani ya tiketi kubwa kuliko ile.

Sehemu iliyowatesa wengi ni ratiba, na kosa lilikuwa kununua kabla ya kusoma mpangilio. Timu zilikuwa 19: makundi matatu ya timu tano na moja, la Zanzibar, la timu nne. Kila kundi lilikaa mji wake. Kundi A Nairobi, B Dar, C Kampala, D Unguja. Robo fainali, mshindi wa kundi anabaki nyumbani, wa pili anasafiri. Ndiyo maana Kenya, walioongoza kundi kwa pointi 10, walibaki Kasarani kuwasubiri Madagascar, na Morocco wakaja kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar, kutufunga 1-0.

Sasa angalia nusu fainali, hapa ndipo pesa zilipopotea. Ya Dar ilipangiwa mshindi wa robo fainali ya Nairobi dhidi ya yule wa Unguja. Mshindi wa robo fainali ya Dar alitakiwa kwenda Kampala. Yaani hata kama Taifa Stars, timu yetu ya Tanzania, wangeitoa Morocco, wasingecheza nusu fainali kwa Mkapa. Namboole, uwanja wa Kampala, ndiko kulikokuwa kwao. Aliyenunua tiketi ya Dar mapema akidhani anaiwekea nafasi Tanzania aliishia kutazama Madagascar na Sudan. Mechi nzuri, imeamuliwa dakika za nyongeza kwa 1-0, lakini siyo aliyoilipia. AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, imepangwa kwenye nchi hizi hizi tatu, kwa hiyo chora mti wa mtoano kwenye karatasi kwanza, ndipo ufungue pochi.

Kiti. Kwa Mkapa na Kasarani kuna njia ya riadha kati ya jukwaa na nyasi, hivyo safu za chini nyuma ya goli hazina faida: upande wa mbali huoni kina, unaona miguu imerundikana tu. Kwa bei ya mzunguko, yaani tiketi ya kawaida, tafuta safu za juu karibu na mstari wa kati. Siku za mechi mbili, ya kwanza mara nyingi ilianza saa 11 jioni, na jukwaa linalotazama magharibi lilipigwa na jua usoni karibu kipindi kizima cha kwanza. Chepeo inatosha. Nairobi mambo ni kinyume, usiku wa Agosti ni baridi, beba jaketi. Amaan ni kadogo na unaona vizuri, ila mechi ya saa 2 usiku ikiisha boti za kurudi Dar zimeshalala, kwa hiyo hesabu na bei ya kulala.

Geti ndilo lililokula nyota yangu. Tiketi ni ya kielektroniki, ina msimbo wa kuskeni, na msimbo ule unafanya kazi mara moja. Ukipiga picha ya skrini ukaitupia grupu ya WhatsApp ili kujishaua, yeyote atakayetangulia kuskeniwa ndiye mwenye kiti. Wewe mashine itakuonyesha nyekundu na mlinzi hana la kukusaidia. Ihifadhi kwenye simu ukiwa nyumbani, kwa sababu watu elfu 40 wakikusanyika sehemu moja intaneti hukwama. Ongeza mwanga wa skrini, na kioo kilichopasuka juu ya msimbo husomeka kwa shida. Walanguzi wa nje huuza msimbo mmoja kwa watu watatu.

Mageti yakivamiwa, adhabu inamwangukia mwenye tiketi. Baada ya watu kuingia kwa nguvu Kasarani, CAF, shirikisho la soka Afrika, ilishusha idadi ya watazamaji hadi 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia ya tarehe 17 na kutaka tiketi za kielektroniki tu. Ndiyo maana nashauri kufika masaa matatu kabla ya mechi kama mwenyeji anacheza, saa moja na nusu kabla kama hachezi.

Kutoka kwa Mkapa usiku, usiitie bodaboda mlangoni. Tembea hadi Uhasibu, Barabara ya Kilwa, ndipo upatane bei.