Chumvi ya mbio ndefu Kisumu: ununue ipi, uache ipi

Mkimbiaji wa Nakuru, aliyezoea baridi ya mita 1,850, akija kufanya mazoezi Kisumu hushangazwa na jasho lake mwenyewe. Hapa ziwani tuko mita 1,130 hivi, hewa ina unyevu, na saa tatu asubuhi fulana tayari inakamulika. Ndipo watu hukimbilia kemisti kuulizia chumvi.

Jipime kwanza. Panda mizani kabla ya kukimbia na baada yake, bila nguo zilizolowa. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho, ujumlishe na maji uliyokunywa njiani. Mimi nikipanda mlima kutoka Kisumu hadi Kiboswa na kurudi, saa mbili hivi, hupungua karibu kilo mbili. Kila lita ya jasho huenda ikawa na sodiamu miligramu 300 kwa mtu mmoja, na zaidi ya 1,500 kwa mwenzake. Kofia yako ikikauka ikabaki na mistari myeupe, wewe unatoka chumvi nyingi. Lakini kama hukimbii zaidi ya saa moja na nusu, usinunue kitu. Maji yanatosha, na ugali kwa omena ukifika nyumbani.

Kwa mbio ndefu kuliko hizo, chaguo langu la kwanza ni ORS, ile ile anayopewa mtoto anayehara. Haina picha ya mwanariadha kwenye pakiti, ila vipimo vyake ni vya Shirika la Afya Duniani tangu 2002: kila lita ina sodiamu miligramu 1,725 hivi, potasiamu, na gramu 13.5 za glukosi. Nayo hupatikana kwa makumi ya shilingi tu. Soma pakiti, kwa sababu kuna za nusu lita na za lita moja. Ukikoroga ya lita katika chupa ndogo, tumbo litakusumbua kabla hujamaliza mlima. Mimi hubeba chupa mbili, moja ya ORS na moja ya maji matupu, na ndizi mfukoni, kwa kuwa sukari ya ORS ni ndogo mno kukupa nguvu.

Ya pili ni ya jikoni: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kisha kamulia ndimu. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya mkono tu. Kijiko kikijaa kilima, chumvi imezidi.

Vidonge vya kuyeyusha ni vya tatu. Nuun kimoja kina sodiamu miligramu 300, ladha nzuri, na ni chepesi kubeba, ila bei ni ya kuagiza kutoka nje. Usivichanganye na vile vya vitamini C vinavyofanana navyo kwenye rafu.

Mwisho naweka vidonge vya chumvi vya kumeza. SaltStick, kwa mfano, ina miligramu 215, kwa hiyo anayetoka jasho jingi atahitaji kadhaa. Tena wengi huvinunua kuzuia misuli kukaza, ilhali mara nyingi misuli hukaza kwa uchovu. Linaloniogofya zaidi ni mtu kumeza kidonge, akajiona salama, akanywa maji kila kituo hata bila kiu. Maji yakizidi, sodiamu ya damu hushuka, na kidonge hakizuii hilo. Vidole vikivimba, kichwa kikiuma, ukitaka kutapika na uzito umeongezeka badala ya kupungua, acha kunywa maji na uende hospitali. Mtu akianza kuchanganyikiwa, akimbizwe huko mara moja.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini sikuviweka kwenye orodha kabisa. Na mwenye presha au ugonjwa wa figo amwone daktari kabla ya kununua hata ile ya kwanza.