Shamba la wageni juu ya Soni, Lushoto: nendeni kwa ajili ya karakana

Naanza na karakana maana ndo sababu mi narudi hapa. Chumba cha kulala unapata popote Lushoto, na kuangalia milima hakuna anayekutoza, ila sehemu ambayo mgeni anapewa tezo (kile kishoka cha kuchongea) na gogo afu fundi anakaa nae mpaka kitu kiishe, mi sijaiona kwingine huku Usambara.

Kufika, unapandia Mombo ile barabara ya kona kona, ukipita Soni unaacha lami unachukua bodaboda, au gari yako kama imeinuka kidogo. Mombo unatoka jasho, ukifika juu unatafuta sweta.

Somo ni elfu 25 pamoja na mti na chai ya tangawizi. Wengi wanaanzia mwiko. Fundi ni mzee wa Kisambaa mpole sana, anakuita mwanangu hata kama una mvi, anakuchagulia tawi nene la mpeasi lililopogolewa hapo hapo shambani, bichi kabisa, maana mti mbichi unachongeka, ukishakauka utaumia mikono bure. Analipasua kwa shoka katikati, na kabla ya chochote anatoa moyo wa mti, ule mstari wa katikati, kwa sababu ukiubakiza mwiko ukikauka utapasukia hapo. Baada ya hapo ni tezo kutoa umbo, afu kisu kilichopinda ncha cha kuchimbia ile sehemu ya kuchotea. Kuna mahali nilikuwa nasukuma kisu kinang'oa vipande vipande, akaniambia "Geuza upande mwanangu, hapo unaenda kinyume na nyuzi." Nikageuza, maranda yakaanza kutoka marefu membamba na mti ukabaki laini. Mwiko ukiisha unafukiwa kwenye maranda yake mwenyewe, unawekwa kivulini ukauke taratibu, ndo unapigwa msasa na kupakwa nta, na nta yenyewe ni ya nyuki wa shambani, mizinga yao ya magogo mtaiona imetundikwa kwenye miti. Kama huna muda wa kusubiri wanautuma kwa basi, wa kwangu ulifika Dar vizuri na ndo nasongea ugali mpaka leo.

Sasa watu wananiuliza niende lini, na hapa msimu una maana kweli. Kama unapenda mbao njoo kipupwe, Juni mpaka Agosti. Ni baridi haswa na asubuhi ukungu unafunika shamba lote, ila mvua kubwa imeisha na ndo wanaangusha grevilea, miti ya mbao waliyopanda kwenye mipaka. Utaona zinavyopasuliwa, mbao zinapangwa bandani na kati ya ubao na ubao kuna vijiti ili upepo upite, na vichwa vya mbao vinapakwa rangi yoyote iliyobaki kwa sababu maji yanatokea huko haraka kuliko ubavuni, na ncha ikikauka kabla ya katikati inapasuka. Na grevilea ikipasuliwa kwa upande wake unaofaa inatoa madoa yanang'aa kama magamba ya samaki, halafu piga randa uone! Mi nimetengenezewa meza ya hiyo mbao, na hakuna mgeni anayeingia kwangu asiipapase.

Vuli ndo ya msitu. Kijana wao anawapeleka taratibu mpaka kijitoni, mtaona mbega, mtaona vinyonga akiwaonyesha (peke yenu mtapita bila kuwaona, amini), na hondohondo akipita juu mabawa yake yanavuma mpaka mnanyamaza wote. Kwenye miamba yenye unyevu kuna yale maua madogo ya zambarau, Saintpaulia, yanayouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima, na asili yake ni milima yetu hii. Jina limetoka kwa ofisa wa Kijerumani, Saint Paul-Illaire, aliyeyakuta mwaka 1892 akatuma kwao. Tafadhali msiyang'oe, kuna mgeni nilimwona anatia kwenye mfuko na kijana aliumia kweli.

Desemba na Januari ni maplamu, mnachuma wenyewe, watoto waleteni wakati huo. Masika mi sishauri kwa mara ya kwanza. Njia ni tope tupu, mbao hazikauki, na simu ya mapokezi watakwambia barabara iko poa, tulivyofika tukashuka tukasukuma pikipiki. Wangesema ukweli tu mtu ajipange na gambuti lake.

Jambo lingine linaloniudhi ni kaduka kao. Vitu vya fundi, vigoda, vinu vidogo, mabakuli, vimewekwa chini kabisa, afu juu wamejaza vinyago vya mpingo. Mpingo hauoti kwenye baridi hii, ni mti wa nyanda za chini, kusini huko Lindi na Mtwara uko mwingi, na Wamakonde ndo mabingwa wake. Vinyago ni vizuri na sina shida navyo, ila andikeni vimetoka wapi na nani kachonga, maana mtalii anaondoka akijua kanunua kazi ya Lushoto na yule mzee aliyekaa hapo nje na tezo hapati kitu.

Chakula kizuri ila hakina haraka, makande ya jioni yanaweza kuja saa tatu kwa hiyo agizeni mapema. Maji ya moto yanachemshwa kwa kuni, omba saa moja kabla. Chumba kizuri ni kile cha mwisho jirani na banda la mbao, harufu yake usiku ni tamu mno, na piga simu kwanza uulize kama fundi yupo, maana Ijumaa hafanyi kazi na siku za soko anashuka Soni.