Uzoefu wangu Pangani: siku tatu mahali mto wetu unapoishia

Mama yangu ana miaka 64, na maisha yake yote ameishi Korogwe, kwenye ukingo wa mto ambao wazee wetu wanauita Luvu. Ameufulia nguo, ameuchotea maji ya kupikia, na sisi wanawe alitukataza kuoga humo kwa kuogopa mamba. Lakini mahali mto huo unapoingia baharini alikuwa hajapaona hata siku moja. Oktoba 2024 nikamwambia, mama, funga kanga zako, twende Pangani.

Tulipitia Tanga. Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kama kilomita 50, na tulipokwenda barabara ilikuwa bado inajengwa: lami kidogo, vumbi kidogo, lami tena. Mwenye gari lake asimame Tongoni kuona magofu ya msikiti na makaburi ya Waswahili wa kale. Sisi tulikuwa ndani ya basi, tukayapita. Tulipita Kigombe pia, kwenye bahari ya silikanti, yule samaki ambaye wataalamu walidhani alikwisha toka duniani zama na zama, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Huku Tanzania walianza kunaswa kwenye nyavu za wavuvi tangu 2003, na mwaka 2009 bahari hii ya Tanga ikawekwa hifadhi kwa ajili yao.

Tulilala mjini kwenye nyumba ya wageni ya Sh 35,000 kwa usiku, chai ya asubuhi ikiwemo. Chumba kisafi, chandarua hakina tundu. Maji ya bomba yalikatika siku mbili, lakini binti wa pale alikuwa ameshatuwekea ndoo mlangoni kabla hatujauliza. Wageni wengi huvuka moja kwa moja kwenda hoteli za ufukweni Ushongo, na huko ni kuzuri. Mimi nasema laleni mjini walau usiku mmoja, kwa sababu Pangani yenyewe inaonekana alfajiri, wavuvi wanaporudi.

Alfajiri hiyo tulikuwa dikoni kabla jua halijapanda. Mashua za dagaa zilikuwa zimekesha baharini na taa, na zilipogusa mchanga tu wachukuzi wakaingia maji kifuani, ndoo kichwani. Samaki wakubwa huuzwa kwa mnada, hapo hapo mchangani: kolekole, changu, taa aliyekunjwa kama mkeka. Mnadi anataja bei kwa kasi, mnunuzi anainua kidole tu, kazi imekwisha. Pembeni kina mama walikuwa wanachemsha dagaa kwa maji ya chumvi kwenye masufuria makubwa, kisha wanawaanika juani. Mmoja alimwonyesha mama jinsi ya kujua dagaa aliyechemshwa vizuri: unamvunja katikati, akikatika kwa mlio mmoja yuko tayari, akipinda, hata wiki hamalizi. Mama alivunja dagaa kumi hivi, wakacheka naye, na mwisho akanunua ndoo nzima.

Sasa niseme lililonikera, maana ni la kujikinga nalo. Tulitaka kwenda kisiwa cha Maziwe. Kwa kweli leo si kisiwa kamili, ni fungu la mchanga mweupe linalojitokeza maji yakitoka na kuzama maji yakijaa. Zamani kilikuwa na mivinje, na kasa walikuwa wakitaga pale kwa wingi kuliko mahali pengine popote nchini. Kwa ajili yao kikafanywa hifadhi mwaka 1975. Miti ikaisha, mchanga ukachukuliwa na mawimbi, na kufika miaka ya 1980 hapakuwa na jani. Kijana mmoja wa boti alituahidi kuondoka saa moja asubuhi, akapokea nusu ya fedha, akatokea saa tano. Tulipofika, mchanga uliobaki ulikuwa wa ukubwa wa sebule. Tulisimama pale dakika chache, maji yakatufika vifundoni, tukarudi botini. Nilimwambia wazi kwamba ametuharibia siku. Hakurudisha hata senti.

Jioni nikaomba ushauri kwa wavuvi wenyewe, wakanipa nahodha mtu mzima. Swali la kwanza aliniuliza yeye: "Dada, mnataka kuogelea au kukaa mchangani?" Kisha akahesabu siku za mwezi kwa vidole, akasema sasa ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kukupwa kuliko kawaida, maji yatakupwa kabisa saa nne na ushei, tuondoke saa moja na nusu. Ikawa hivyo hivyo. Tulikaa Maziwe saa tatu nzima. Matumbawe yapo karibu sana, samaki wa kila rangi wanakuja hadi magotini, na mama, ambaye hajui kuogelea, alikaa kwenye maji ya kina cha paja akiwatazama kupitia miwani ya kuazima mpaka nikamwita ale. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha muulize nahodha maji yanakupwa saa ngapi. Asipojibu papo hapo, tafuta mwingine. Kiingilio cha hifadhi kiko mbali na fedha ya boti, na stakabadhi yake idai. Boti ndiyo gharama kubwa ya safari nzima, kwa hiyo mkiwa watu sita mtachangiana vizuri kuliko wawili.

Mchana huohuo, baada ya kupumzika, nahodha yuleyule akatupandisha mtoni. Huko nako saa ina maana. Unaingia saa tisa maji yakiwa yanajaa, bahari yenyewe inakusukuma kwenda juu, halafu jioni unateremka na mto. Kushoto na kulia ni mikoko, mizizi yake imesimama matopeni kama vidole. Tulimwona furukombe akishuka na kunyanyuka na samaki, tukaona mdiria wa buluu, na mamba mmoja aliyejitupa majini kabla sijashika simu. Mbele minazi ikaanza. Ila mingi ilikuwa imekufa, imebaki mashina yasiyo na vichwa.

Mama akaingiza mkono majini, akaonja. "Mbona chumvi?"

"Hapa bado ni bahari, mama," nahodha akamjibu. "Zamani wazee walichota maji ya kunywa chini zaidi ya hapa. Siku hizi mto unakuja mchache, basi bahari inapanda."

Akaeleza: mto huu unatoka Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, unapita mashamba ya umwagiliaji, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, na kila aliye juu anachukua chake kabla haujafika kwao. Mama alinyamaza. Mimi nilijua anawaza nini, kwa sababu ana bustani ya nyanya Korogwe na pampu anayoiwasha kila jioni. Hatukuizungumzia botini.

Siku ya tatu tulizunguka mjini na mzee anayetembeza wageni. Mchukueni mtu kama huyu, msizunguke wenyewe, maana mji wa kale wa Pangani hauna vibao vingi na ukipita peke yako utaona nyumba kuukuu tu. Yeye alitusimamisha kwenye ukuta mmoja uliobanduka lipu, akatuwekea mikono juu yake tuguse: mawe ya matumbawe, chokaa, na ncha za boriti za mikoko zimetokeza. Akatupitisha India Street kwenye maduka yenye baraza na roshani za mbao, forodhani, na kwenye mabaki ya nyumba walimofungiwa watumwa kusubiri majahazi. Misafara ya pembe na watu ilifuata bonde la mto huu kutoka bara, maana yake ilipita kwetu. Bomani tulisimama muda mrefu mbele ya milango iliyochongwa. Inasimuliwa kwamba jengo lilianzishwa na tajiri Mwarabu mwaka 1810 na kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake. Baadaye Wajerumani wakalifanya ofisi.

Habari ya Abushiri bin Salim aliitoa kwa sauti ya chini, kama ya jirani aliyekufa juzi. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilimleta Emil von Zelewski kushika mji, akateremsha bendera ya Sultani, askari wakaingia msikitini na mbwa siku ya Idi. Mji ukainuka, Abushiri akiuongoza, pwani nzima ikafuata. Mjerumani Hermann Wissmann akaletwa na jeshi, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa hapa hapa Pangani. Zelewski naye hakufika mbali: Wahehe wa Mkwawa walimuua Lugalo mwaka 1891.

Kisha tukavuka kwa kivuko kwenda Bweni. Daraja kubwa la mita 525 lilikuwa linajengwa jirani, kwa hiyo ukifika baada yangu huenda usihitaji kivuko. Lakini kama bado kipo, panda, mji wote unauona kutoka majini. Upande huu wa kusini ndiko kuliko Kikogwe, shamba ambako Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge mwaka 1893. Miche ilikuwa 1,000, ikafika hai 62, na mkonge wote wa nchi hii ukatokana nayo. Mama alimwomba mzee arudie hiyo idadi. Baba yake, babu yangu, alikata mkonge tangu ujana mpaka mgongo ukamshinda.

"Sitini na mbili tu?" aliuliza.

"Sitini na mbili, dada yangu."

Chakula sitakieleza kirefu: wali wa nazi na changu wa kupaka kila mchana, na usiku mmoja bada la muhogo kwa mchuzi wa papa, ambalo mama alisema halijapikwa hivyo tangu bibi afariki. Kuleni migahawa midogo ya karibu na soko, ila agizeni mapema, saa nane mchana vyungu vimeshakauka.

Tulirudi kwa njia ya Muheza, ambayo ni fupi kwa wa Korogwe lakini mvua ikinyesha msijaribu. Ndoo ya dagaa ilikaa miguuni pa mama njia nzima. Tulipovuka daraja la mto kuingia kwetu alinigusa bega nitazame chini, maji ya kahawia yanakwenda taratibu. "Keshokutwa haya yatakuwa kwa yule nahodha," akasema. Tangu turudi, pampu anaiwasha siku moja anaruka moja, na nyanya ameziwekea majani makavu chini.

Safari ijayo ameshapanga yeye: anamchukua shangazi, na amenituma nimtafutie tarehe za bamvua.