Kufuli la king'ora, mnyororo na GPS: uzoefu wangu wa kulinda pikipiki safarini

Alfajiri moja mwaka 2021 nilifungua mlango wa chumba cha gesti, Ifakara, na pale nilipoegesha pikipiki usiku nikakuta doa la oili na alama za matairi ya guta. Loku ya usukani nilikuwa nimeipiga, ufunguo ninao mfukoni, na mhudumu alikuwa ameniambia geti hufungwa. Kweli geti lilifungwa. Ila ua wa nyuma ulikuwa wa mabati, na mabati mawili yalikuwa yameng'olewa. Hawakuiwasha, waliibeba. Boxer 150 ni kilo mia moja na ushee tu, vijana watatu wanaiinua na kuipakia bila kutoa sauti.

Pikipiki ile ilikuwa ya mkopo. Niliendelea kuulipa miezi saba huku nikipanda basi na ngazi yangu na boksi la vifaa, maana kazi yangu ni kufunga mitambo ya sola vijijini. Bima niliyokuwa nayo ni ile ndogo ya lazima, ambayo humlipa mtu mwingine ukimgonga. Wizi haumo. Nilichukua RB polisi (namba ya taarifa ya tukio), nikapeleka nakala ya kadi, namba ya chesesi na ya injini. Haikupatikana mpaka leo.

Kwa hiyo niliponunua nyingine, nilitumia pesa na muda mwingi kuhakikisha sirudii alfajiri ile. Vitu nitakavyovieleza hapa nimevitumia mwaka mmoja na nusu, na kipimo chake kikubwa kilikuwa safari ya kazi kutoka Dar hadi Mbeya, kilometa mia nane na ushee, nikilala Mikumi, Makambako, kisha Tukuyu. Nawaandikia wanaosafiri, kwa sababu kulinda pikipiki ugenini si sawa na kuilinda kijiweni kwako. Kijiweni wenzako wanaijua ni ya nani. Ugenini, mtu akiisukuma saa nane usiku, anayemwona anadhani mwenyewe imemzimikia.

Nianze na kufuli la king'ora. Ni lile kufuli nene linalouzwa sana Kariakoo, lina vitundu vidogo vya kutolea sauti upande mmoja. Nililinunua shilingi 25,000 likiwa na funguo tatu. Jina la chapa silitaji kwa sababu umbo hilo hilo linauzwa kwa majina mengi, na nimeshafungua mawili ya majina tofauti nikakuta ndani yanafanana. Linatumia betri ndogo za kitufe, zile za saa. Ukilifunga, mguso wa kwanza unatoa mlio mfupi wa onyo. Ukiendelea kulitikisa linapiga kelele sekunde kadhaa, linanyamaza, likiguswa tena linaanza upya. Kelele yake ndani ya ua uliozungukwa na kuta huwezi kulala nayo.

Kuna jambo ambalo muuzaji hakuniambia. Ule upinde wake ukiuingiza kwa upande mmoja king'ora kinafanya kazi, ukiugeuza upande wa pili linakuwa kufuli la kawaida lisilolia. Wiki ya kwanza yote nililifunga kimakosa nikidhani nina ulinzi. Kila ukilifunga, ligonge kidogo usikie onyo ndipo uondoke.

Wengine wataniuliza kwa nini sikuchukua kufuli la diski. Pikipiki nyingi za kazi huku kwetu breki zake ni za ngoma mbele na nyuma, kwa hiyo hakuna diski ya kulitia. Na hata kama ipo, kufuli la diski linazuia gurudumu kuzunguka tu. Watu walioibeba pikipiki yangu Ifakara wala hawakuhitaji gurudumu lizunguke.

Ndiyo maana kwangu mnyororo, ambao ncha zake naziunganisha kwa kufuli hilo la king'ora, ni muhimu kuliko kufuli lenyewe. Mnyororo wa kwanza nilinunua duka la vifaa vya ujenzi, wa kupimiwa kwa mita, unaong'aa. Nikaujaribu nyumbani kwa msumeno wa chuma, nikaukata kabla chai haijapoa. Wa pili nilienda dukani na tupa mfukoni, nikaomba ruhusa, nikausugua pete moja. Tupa ikateleza bila kung'ata. Hiyo ndiyo dalili ya chuma kilichogumishwa juu kwa moto. Pete zake ni za chuma cha mraba, unene milimita 10, urefu mita moja na robo. Ni mzito, unasumbua kwenye begi, lakini bora huo uzito. Nimeuvisha tyubu ya baiskeli ili usikwaruze rangi. Ile soksi ya kitambaa uliyokuja nayo niliitupa kwa sababu inashika maji na pete zinapata kutu.

Namna ya kuufunga ndiyo yenye maana yote. Upite kwenye gurudumu la nyuma pamoja na fremu, kisha kwenye kitu kisichobebeka: nguzo ya chuma, nondo za dirisha, mti. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, mtu mwenye spana atakuachia gurudumu. Na usiuache umelala chini. Mnyororo uliogusa sakafu ni rahisi kupondwa kwa nyundo, na mwenye mkasi wa kukatia nondo anapata mahali pa kuegemeza mkono mmoja wa mkasi na kuukandamiza kwa uzito wa mwili wake wote. Ukininginia juu, hewani, kazi yake inakuwa ngumu mara mbili.

Makambako ndipo nilipoona faida. Nilifika jioni, baridi kali, nikachagua gesti kwa kuangalia ua kabla ya kuangalia chumba. Siku hizi ndivyo ninavyofanya. Mlinzi alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba pikipiki itapiga kelele ikiguswa, asishtuke, na kwamba nitaifunga kwenye nguzo ya kibaraza. Akasema, "Funga mwanangu, kuna malori yanapita hapa usiku kucha, mimi masikio yangu hayasikii kila kitu."

Saa tisa kasoro nikasikia onyo moja. Nikadhani lori. Kisha kelele yenyewe, ikakatika, ikaanza tena. Nilipotoka nje mzee alikuwa ameshafika na tochi, na mtu hakuwepo. Usukani ulikuwa umenyooka mbele, wakati mimi niliuacha umekunjwa kushoto. Loku ya usukani walikuwa wameivunja kwa kuisukuma kwa nguvu, jambo linalochukua sekunde chache. Soketi ya waya za swichi ilikuwa imechomolewa. Pete moja ya mnyororo ilikuwa na mkwaruzo wa msumeno, haujaingia hata milimita moja. Tyubu tu ndiyo imechanika. Nilikaa kwenye kiti cha mzee yule mpaka kukapambazuka, mikono inatetemeka. Alinipa chai ya rangi kutoka kwenye chupa yake, wala hakutaka nimlipe.

Sikupiga kelele za mwizi usiku ule na sitapiga. Nimeshaona kwa macho yangu kijana akipigwa mawe kwa sababu ya betri ya pikipiki, na baadaye ikasemekana si yeye. Pikipiki inanunulika. Nataka watu waamke, taa ziwake, aliyekuja akimbie aende zake. Ndiyo sababu nyingine ya kukipenda king'ora. Kinaita watu bila kumtaja mtu.

Sasa GPS, kifaa cha kukuonyesha pikipiki iko wapi. Nilifungiwa kwa 120,000 na duka moja la mjini, na nina malalamiko nalo. Waliifunga chini ya tenki, ikabanwa na chuma juu, kwa hiyo haioni anga vizuri na ramani ikawa inanionyesha mtaa wa pili. Walitumia laini isiyo na jina langu. Na waliacha neno la siri la kiwandani, 123456, ambalo mtu yeyote anayejua namba ya laini ile angeweza kulitumia kuizima injini yangu barabarani. Niliifungua nikaifunga upya mwenyewe chini ya siti, uso juu, na laini niliyoisajili kwa alama za vidole vyangu.

Ikifungwa vizuri inafanya kazi. Ina laini ya simu ndani, unaitumia ujumbe mfupi inakujibu kwa kiungo cha ramani. Ina rilei inayokata umeme wa injini ukiiamuru. Ina betri yake ndogo, hivyo mtu akikata nyaya inakutumia taarifa na kuendelea kuishi saa kadhaa. Lakini inategemea mtandao, na barabara ya kwetu ina sehemu ambazo simu inabaki bila hata mstari mmoja. Usiku wa Makambako ujumbe wa mtikisiko uliingia kwenye simu yangu dakika kama ishirini baada ya kufuli kulia. Ingekuwa GPS peke yake, ningeamka pikipiki iko njiani.

Jambo la pili ni betri, na hapa nasema kama fundi. Nilipima kwa mita, kifaa changu kinakula kama miliampea 40. Kwa saa 24 hiyo ni karibu ampea-saa moja. Betri ya pikipiki kama yangu ni ya ampea-saa 5 hivi. Ukiiacha siku nne au tano bila kuiwasha, stata haiitiki. Ilinitokea Tukuyu nilipokaa kwa mteja karibu wiki nzima. Kama kifaa chako kina hali ya kulala pikipiki ikisimama, iwashe hiyo hali. La sivyo, usiikalishe zaidi ya siku mbili bila kuiendesha.

Na ile amri ya kuzima injini, tafadhali msiitume pikipiki ikiwa mwendoni. Injini ikikatika ghafla kwenye mteremko kama wa Kitonga, nyuma kuna lori lenye shehena, unaua mtu. Subiri isimame. Kisha nenda na RB na ile ramani polisi, usiende mwenyewe kugonga mlango wa mtu usiku.

Kitu cha bei ndogo kuliko vyote ndicho ambacho watu hawakifungi: swichi ya siri. Nilinunua kiswichi cha 2,000, nikakata waya mmoja mwembamba wa mfumo wa cheche, nikakificha mahali ambapo mkono wangu tu unapajua. Aliyechomoa soketi Makambako hata angeunga nyaya, stata ingezunguka bila cheche. Haizuii kubebwa, ila inazuia kuendeshwa, na mchana unaposimama kula Ruaha Mbuyuni kwa dakika kumi, hiyo na jicho lako vinatosha.

Kufuli la king'ora lina udhaifu na lazima niuseme. Haliwezi mvua. Tukuyu mvua haina msimu wa kukuaga, na usiku wa pili maji yaliingia kwenye vile vitundu likaanza kulia lenyewe, likaamsha nyumba nzima ya mteja wangu, kisha likanyamaza kabisa. Nililikausha juani, nikabadilisha betri kwa fundi saa sokoni, likarudi. Tangu hapo nalifunga vitundu vikitazama chini na nalifunika kwa mfuko wa plastiki mgumu. Vumbi nalo linaingia kwenye tundu la ufunguo. Tone la mafuta ya cherehani kila baada ya wiki mbili linatosha, usitie oili chafu ya injini maana inakamata mchanga. Malori mazito yakipita karibu, onyo linalia, na ukizoea kulipuuza utalipuuza siku isiyofaa. Mimi nilikaribia kulipuuza.

Kwa alama: mnyororo mgumu 5 kwa 5, na yeyote anayeniuliza nampa jibu moja, nunua kwanza huu. Kufuli la king'ora 4, kwa sababu ya mvua. GPS 3, na nyingi ya hizo mbili zilizopungua ni za mtu aliyenifungia, si za kifaa. Jumla yote, mnyororo ukiwa 45,000, haifiki laki mbili. Pikipiki yenyewe ilinigharimu karibu milioni tatu. Mwaka huu nimeongeza bima kubwa inayofidia wizi, na kabla ya kulipa nilimwomba wakala anionyeshe kwenye karatasi neno wizi lilipoandikwa na ni vifaa gani wanataka viwe vimefungwa.

Mnyororo wenye mkwaruzo bado ndio ninaoutumia. Mwezi ujao nakwenda tena Ifakara, kuna mteja wa pampu ya sola ya mashamba ya mpunga, mara ya kwanza tangu 2021. Nimeshampigia simu kumuuliza kama nyumbani kwake kuna nguzo ya chuma. Amesema kuna mwembe.