Saluni ya nyuma ya Mbuyuni: kusuka nyota tano, hewa nyota mbili

Jina silitaji, msusi ni mtu wangu na nitarudi. Ukiwa Moshi, pita nyuma ya soko la Mbuyuni, utaona mlango wa bluu na mama anauza ndizi kwenye benchi. Viti vinne, drea moja, madirisha mawili. Nilisuka hapo Jumamosi ya mwisho ya Agosti 2021, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa.

Kazi kwanza. Rasta ndogo za kufika kiunoni, 35,000 pamoja na nywele. Mistari imenyooka, mkono mwepesi, nywele za mbele hakuzivuta. Usiku ule nililala bila panadoli, na waliowahi kusuka wanajua hiyo ni sifa ya namna gani.

Sasa hewa, maana ulikuwa wakati wa korona. Mlangoni kuna ndoo ya maji tiririka, sabuni, na tangazo: "BILA BARAKOA HAKUNA HUDUMA." Nikafurahi. Kuingia, barakoa ya msusi iko kidevuni, ya msaidizi wake inaning'inia kwenye msumari pamoja na vitana. Mimi yangu nimevaa. Nauza duka la dawa, nimeshazoea kuitwa mwoga.

"Dada, si uliniambia umechanjwa? Vua upumue," msusi akasema. "Hata mimi nimechanjwa. Ile ya Janssen, sindano moja, kwisha."

Ni kweli, wote wawili tulikuwa tumechanjwa. Rais Samia alichoma yake Ikulu tarehe 28 Julai, huku kwetu chanjo ilipofika sikungoja. Lakini Jumapili nilikuwa napanda Kibosho kumwona mama. Ana miaka 74, ana sukari, na chanjo alikuwa bado anaifikiria. Hilo nililisema, ndipo mjadala ukawaka.

Binti aliyekuwa chini ya drea alikuwa na simu. Drea inavuma, kwa hiyo yeye anaongea kwa kupiga kelele, barakoa hana. Akasema Wamarekani wenyewe walitangaza Mei kwamba aliyekamilisha chanjo avue. Nikamwambia asome na ya Julai. Tarehe 13 Mei kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliruhusu kweli. Tarehe 27 Julai kikageuza, kikawataka hata waliochanjwa wavae wakiwa ndani, kwenye maeneo ambayo maambukizi yamepanda. Sababu ni Delta, aina ya kirusi cha korona iliyokuwa inasambaa upesi zaidi. Katika mji wa Provincetown, Massachusetts, baada ya sherehe za Julai walihesabu wagonjwa 469, na karibu robo tatu yao walikuwa wamechanjwa.

Mama wa ndizi akachungulia mlangoni. "Sasa mnachanjwa ili iweje?"

Swali zuri, na dukani naulizwa kila siku. Katika hao 469, waliolazwa ni watano. Aliyekufa, hakuna. Kilichowafanya waliochanjwa kuwa wengi pale ni kwamba watu wengi waliokusanyika walikuwa wamechanjwa. Sindano ya mkononi inaweka walinzi damuni, mapafu yanapona. Puani ulinzi ni mwembamba, kirusi kinaweza kuzaliana hapo siku chache kabla mwili haujakifukuza. Aliyechanjwa hukifukuza upesi kuliko asiyechanjwa, lakini siku hizo chache anacheka, anaongea, anasuka watu.

"Kwa hiyo chanjo ni yangu, barakoa ni ya mama yako," msusi akasema. Nikamwambia hapo umenishinda mimi mwenye duka.

Hata hivyo hakuivuta juu. Sikumlaumu sana. Mtu anasimama masaa kumi, mvuke wa maji ya moto usoni, wateja wanataka stori. Tena barakoa yangu mwenyewe ilimsumbua: kamba zinakaa nyuma ya masikio, pale pale anapotaka kushika nywele. Ilibidi nichomoe kamba upande mmoja na kuishikilia kwa mkono mpaka amalize sikio, kisha upande wa pili. Ukienda, beba zile za kufunga kisogoni? Hapana, hizo ndiyo mbaya zaidi, kisogo chote kinasukwa.

Tatizo kubwa la saluni hii ni madirisha. Agosti Moshi kuna baridi, nakubali, lakini wao wanafunga kwa sababu ya mshumaa wa kuchomea ncha za rasta. Upepo ukipita unazimika. Basi kumefungwa kote, sufuria inatoa mvuke, kioo kimefifia, miwani yangu imefifia. Kwenye saa sita nikamuuliza msusi: unasikia harufu ya nywele zilizoungua? Akasikia. Yule dada aliyechomwa ncha aliondoka saa nne.

"Kama moshi wake bado tunao," nikasema, "na pumzi yake tunayo."

Akanyamaza. Akaenda kufungua dirisha la upande wa barabarani. Mshumaa ukazimika mara tatu, akaukasirikia, akauweka chini, ncha zangu zote akazimalizia kwa maji ya moto. Mpaka wiki ya tatu zilikuwa hazijafumuka. Mimi naona mshumaa ule haukuhitajika tangu mwanzo.

Kibosho nilienda. Nilikaa na mama barazani, barakoa usoni, akanicheka kwamba nimekuja kama daktari wa upasuaji, kisha akazisifia rasta.

Nyota za hewa zilikuwa ziwe moja, nimeongeza ya pili kwa sababu ya lile dirisha. Tangazo la mlangoni silipi kitu.

Ukitaka kwenda, Jumatatu au Jumanne asubuhi, watu wachache. Uliza kiti cha kwanza kulia, ndicho cha dirishani, na ubebe sweta. Kikiwa na mtu, mimi nasubiri nje kwenye benchi la mama wa ndizi, mzuzu wake wa kuchoma wakati ule ulikuwa mia tano.