Frigiliana kwa Mstaafu: Tathmini Baada ya Kukaa Miezi Mitano

Nilikaa Frigiliana kuanzia Novemba hadi Machi, katika nyumba ya kupanga iliyoko mtaa wa juu uitwao Barribarto, ili nione kama mgeni aliyestaafu anaweza kuzeekea pale. Mji huu mweupe wa mkoa wa Málaga, kusini mwa Uhispania, una wakazi wapatao 3,000, na uko kilomita 6 hivi kutoka Nerja na bahari yake. Wanaousifu hawaongezi chumvi. Barribarto ulikuwa mtaa wa Wamorisko, yaani Waislamu waliolazimishwa kubatizwa, walioshindwa vitani mwaka 1569 kwenye jabali lililo juu ya mji, na vibao vya vigae vilivyobandikwa ukutani humsimulia habari hiyo kila anayepanda. Chini, ndani ya kasri la kale, bado kuna kiwanda cha asali ya miwa.

Hata hivyo, jambo la kwanza ambalo ningemwomba msomaji alipime ni ngazi. Gari haliingii Barribarto. Vichochoro vyake vimetandazwa kokoto zilizopangwa kwa nakshi, ambazo huteleza sana mvua inaponyesha, na kati ya mlango wangu na Calle Real, barabara kuu ya mji wa kale, nilihesabu vidato 94. Nyumba nyingi za zamani hupikia na kupashia maji kwa mtungi wa rangi ya chungwa wenye kilo 12.5 za gesi, na chuma chake chenyewe kina uzito unaokaribia huohuo. Jirani yangu, bibi wa miaka 80 na ushei aliyezaliwa katika nyumba anayoishi, alikuwa akiweka mtungi mtupu mlangoni, na kijana wa mtaani aliyepita aliuchukua na kumletea uliojaa bila kuitwa. Nilipoubeba wangu nilipumzika mara nne, na katika pumziko la tatu nilitambua kwamba yule bibi anaweza kuishi pale kwa sababu mtaa mzima unamjua. Mgeni hujuliwa hivyo baada ya miaka, tena kwa Kihispania, kwa hiyo ni afadhali ahamie akiwa bado na magoti ya kumpeleka sokoni na kanisani kusalimiana na watu.

Baridi nayo haikuwa ndogo. Kuta nene zilizopakwa chokaa, ambazo Agosti huzuia joto, Januari huhifadhi unyevu. Nguo zangu kabatini zilinuka ukungu, na jioni nyingi niliketi kama wenyeji wanavyoketi, magoti yakiwa chini ya kitambaa kizito cha meza ya duara yenye hita ndogo chini yake. Aliyeutembelea mji kwa wiki mbili za Juni bado hajauona. Daktari wa magonjwa ya kawaida yupo mjini, lakini hospitali iko Vélez-Málaga, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari.

Kuhusu ukaazi, asiye raia wa Umoja wa Ulaya huomba viza ya wasiofanya kazi, inayodai kipato cha asilimia 400 ya kipimo cha kipato cha serikali kiitwacho IPREM. Kwa kiwango cha mwaka 2025 hizo ni yuro 2,400 kwa mwezi, kisha yuro 600 kwa kila mtegemezi, pamoja na bima kamili ya afya. Njia ya kupata ukaazi kwa kununua nyumba ilifungwa Aprili 2025.

Dalali mmoja alinionyesha nyumba ya shambani yenye bwawa, akasema karatasi zake ziko njiani. Wilaya hii ya Axarquía ina nyumba nyingi zilizojengwa kwenye ardhi ya kilimo bila vibali, nami sikurudi kwake. Cheti cha rejista ya ardhi kiitwacho nota simple huonyesha mmiliki na madeni yaliyo juu ya nyumba, lakini habari za kibali cha ujenzi ni lazima ziulizwe halmashauri ya mji, na anayeuliza awe wakili uliyemtafuta mwenyewe, asiyeletwa na muuzaji wala dalali.

Nimeamua kurudi Frigiliana, ila Barribarto nitakwenda kumtembelea jirani yangu tu. Natafuta nyumba ya kupanga kwa mwaka mzima upande wa chini, karibu na uwanja uitwao Plaza del Ingenio, ambako kuna basi la Nerja na mtungi wa gesi hufikishwa mlangoni kwa gari.