Kuchangia kila ombi au kutenga fungu la mwezi?
Ukishatuma mchango wa mgonjwa au msiba mara moja kwa M-Pesa, simu yako hailali: ujumbe asubuhi, simu jioni, unaingizwa kwenye grupu la WhatsApp bila hodi. Ukichangia kila ombi, mgonjwa anafikiwa leo leo, ila makato ya kutuma yanajirudia na mwisho wa mwezi hujui umetoa shilingi ngapi. Fungu moja la mwezi kwa kituo kimoja cha misaada lina makato machache, na ukisema "mwezi huu nimeshatoa" husemi uongo. Tatizo, jirani akifiwa, fungu limeshakwenda. Mwenye mshahara litamfaa. Mwenye genge la kuuzia, leo anauza kesho hauzi, achangie anachoweza. Akizidiwa alinyamazishe grupu, asijitoe. Msiba wake nao utatangazwa humo humo.